Mgeni wa Futari na Sarafu za Shaba

Nianze kwa kukwambia kwamba siku ile nilikuwa nimefunga. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki kaniuliza swali moja: ulikunywa nini? Sikunywa kitu. Sikunywa hata maji tangu alfajiri. Akili zangu zilikuwa timamu, tumbo tupu, miguu imelowa, na haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, kwenye shamba moja nje kidogo ya Harrow, huku London. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sikiliza tu, kwani nina sababu ya kukusimulia wewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati Ramadhani ilipoangukia Desemba. Wakati huo nilikuwa mpishi katika jiko la hospitali moja, napika viazi vya kuponda na supu zisizo na jina. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mshahara tu. Kazi yangu hasa, niliyojulikana nayo kwa Waunguja na Wapemba wa London nzima, ilikuwa pilau. Harusi, maulidi, hitima, Idi, naitwa mimi. Watu walikuwa wakisema ulimi wangu una mizani ndani yake. Naweka tone moja la mchuzi ulimini, nakwambia chumvi imepungua kijiko au imezidi nusu. Si majivuno, waulize wenyewe. Na Idi ile nilishakubali kupikia watu mia mbili katika ukumbi wa Queensbury.

Mke wangu, Mama Salma, alikuwa na jambo moja tu la kunilaumu, na alikuwa na haki. Nilikuwa mcheza kamari. Nilianza na farasi, nikaja na zile mashine za taa katika mabaa, nikaenda mpaka siku aliyonikalisha chini, Salma ana miaka saba, akaniambia: "Baba Salma, siku utakayocheza tena, hata kwa kokwa za tende, mimi na mwanangu hutuoni." Nikaapa. Na nikaacha, wallahi niliacha, miaka mitano mizima.

Ila mikono iliyozoea kubahatisha haikai bure. Hapo ndipo alipoingia Kuldip. Kuldip ni Singasinga wa Southall, kazaliwa Nakuru, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha Nakuru. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja hospitalini, yeye fundi wa mabomba. Siku moja akanichukua shambani na mashine yake ya kusakia vyuma, ile yenye mpini mrefu na sahani chini kama ya chapati. Unaipitisha juu ya majani, unavaa vya masikioni, unasikiliza. Inalia, unachimba kwa sepetu ndogo. Mara nyingi ni kizibo cha soda. Lakini ule mlio! Ule mlio ukikupiga sikioni, moyo unaruka kama wa mtoto aliyesikia honi ya gari la aiskrimu. Wiki ya pili nikanunua mashine yangu.

Mama Salma akaridhika. Alisema afadhali nichimbe matope kuliko kujichimbia kaburi.

Shamba lenyewe lilikuwa la kizee mmoja Mzungu aliyetupa ruhusa, mradi tufukie mashimo na tusiwatishe kondoo wake. Wiki moja kabla ya mkasa, nilikuwa pale na Kuldip, mashine yangu ikalia mlio mtamu, mnene, usioyumba. Nikachimba kiganja kimoja. Tope likafunguka, likanikodolea jicho la njano.

Nilipiga ukelele kondoo wakakimbia! Duara dogo, lina kichwa cha mfalme mwenye nywele za mawimbi upande mmoja, na upande wa pili ngao iliyochongoka chini kama jembe. Dhahabu! Nilishaanza kumnunulia Mama Salma bangili kichwani mwangu. Nilishamlipia mama yangu hija.

Kuldip akaja mbio na kilemba chake kimekaa upande. Akaichukua, akaifuta, akaangua kicheko mpaka akashika magoti.

"Wewe bwana, hii si dhahabu. Hii ni shaba tupu! Wazungu wa zamani walikuwa wanachezea karata na hii. Wanaweka mezani, wanahesabiana. Ikiisha mchezo, wanarudisha kwa kasha."

Alinieleza kwamba zilitengenezwa zifanane na sarafu za dhahabu za mfalme, kwa ajili ya michezo tu. Umri wake miaka mia mbili hivi. Nikanywea. Lakini akaongeza neno moja ambalo afadhali asingelisema: hizi mara nyingi haziwi peke yake. Palipo na moja, huenda pana mfuko mzima ulioanguka.

Basi unadhani nililala usingizi wiki ile?

Jumamosi iliyofuata Kuldip alikuwa na harusi ya mpwa wake. Nikaenda peke yangu. Nikapanda treni, nikashuka, nikatembea njia ya matope nusu saa, begani mashine, mgongoni mkoba wa futari. Maana huku Desemba magharibi inaingia kabla ya saa kumi jioni. Waambie watu wa Pemba kwamba unafuturu saa kumi kasoro dakika saba, watakucheka! Mama Salma alinifungashia sambusa nane, kaimati, tende, chupa ya ukwaju, na kahawa chungu katika chupa ya moto.

Nilisaka tangu adhuhuri. Vizibo, msumari, kijiko. Ukungu ukaanza kuteremka kutoka kilimani, mweupe, mzito. Saa ikafika. Nikatandika gazeti juu ya gogo, nikasoma dua, nikaweka tende ya kwanza mdomoni.

Nilipoinua macho, mtu alikuwa anapita.

Hatua kama kumi hivi kutoka nilipo. Mwanamume mrefu, koti refu la rangi ya udongo, viatu vya kifungo cha chuma, tope mpaka magotini. Hakuwa na mbwa wala fimbo. Alikuwa anapita tu, macho chini, kama aliyepotewa na kitu.

Sasa wewe niambie. Umelelewa Wete, Pemba, kama mimi, mdomoni una tende, mbele yako kuna mtu na chakula kipo wazi. Utasema nini? Mimi sikufikiri hata kidogo. Neno likanitoka lenyewe, kwa Kiswahili kabisa: "Karibu!"

Akasimama. Akageuza kichwa polepole, akanitazama kwa namna ambayo sijapata kutazamwa. Fikiria mtu aliyegonga mlango maisha yake yote, leo kafunguliwa. Akaja, akaketi mwisho wa gogo.

Nitakwambia ukweli, sikuogopa. Kwanza nilimtazama miguu, maana kwetu ukimshuku mtu huanzia huko chini. Hapakuwa na kwato, viatu tu. Pili, Ramadhani mashetani wamefungwa, kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Tena kumfuturisha mtu kuna thawabu zake, nami nilikuwa na upungufu mkubwa wa thawabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikamsogezea sambusa.

Mambo mawili ndiyo yaliyonitekenya kidogo. Pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi kwa baridi, yake haitoi. Na mashine yangu, niliyoilaza majanini bila kuizima, ilianza kulia alipoketi. Nikaisogeza, ikazidi. Mlio ule ule mtamu, mnene, usioyumba, unatoka upande wa koti lake.

Akala sambusa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akanywa ukwaju. Akatafuna kaimati, shira inamchuruzika vidoleni. Kisha akasema, kwa Kiingereza cha kizamani lakini nilichokielewa barabara: "Nashukuru kwa ukarimu wako. Ningependa kujua vina ladha gani."

Nikadhani ananitania. Mimi! Anaitania sambusa ya Mama Salma!

"Sionji kitu," akasema. "Niliishi nyumba iliyokuwa pale." Akaonyesha mahali palipokuwa na ukungu tu. "Tulicheza kila jioni. Jioni moja alipita mgeni, nikamkaribisha mezani kama ulivyonikaribisha wewe. Sikuwa nimebakiwa na kitu cha kuweka, akaniambia weka ladha. Nilicheka sana."

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa sarafu. Ndiyo zile zile! Kichwa cha mfalme na ngao ya jembe, ila hii ilikuwa inang'aa kama imetoka kiwandani leo asubuhi. Moyo wangu, nakwambia, ukaruka sarakasi.

Akasema: tuirushe. Nikiotea sawa, atanionyesha mfuko wake ulipoanguka. Nikikosea, nimpe ladha moja tu ya ulimini mwangu. Ya uchachu, basi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mimi nilimkumbuka Mama Salma, naapa nilimkumbuka. Lakini nikajiambia hii si kamari, hii ni mazungumzo na mzee aliyerukwa na akili. Nani anaweza kuchukua uchachu wa mtu? Ndivyo mcheza kamari anavyojidanganya, kila siku ana sababu mpya.

"Kichwa," nikasema.

Akairusha. Ikapaa katika ukungu inazunguka, inalia kijikengele chembamba, ikatua juu ya kiganja chake. Nikamulika tochi. Kichwa!

Akanyoosha kidole kwenye kichuguu cha majani hatua tano tu kutoka pale. Nikaikamata mashine, nikaenda. Ilipiga ukelele nikavua vya masikioni! Nikachimba kama fuko. Kiganja, viganja viwili, halafu tope likameta, likameta tena, zikaanza kutoka. Moja, tatu, saba, rundo zima limeshikana, ngozi ya mfuko imeoza imebaki kamba tu. Nilikuwa nacheka peke yangu, kucha zimejaa udongo, nazipanga juu ya gazeti. Sijawahi kufurahi vile, Mungu anisamehe, hata siku ya ndoa yangu.

"Zote shaba," akasema yule mgeni kwa upole. "Ila mmoja wetu alikuwa na mzaha. Alichanganya ya dhahabu, ya kweli, ipate kuwababaisha wengine. Haimo katika hizo. Najua ilipo."

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilirudi kwenye gogo kabla hajamaliza kusema.

"Kichwa!"

Ikatua ngao.

Nilihisi kitu, na hapa ndipo watu wanaponicheka. Ni kama kidole cha baridi kilipita juu ya ulimi wangu, ubavuni, kikajifuta. Nikachukua chupa ya ukwaju, nikapiga funda. Sukari tupu! Maji ya sukari, hakuna chembe ya ukwaju ndani. Na huku mwenzangu kanyakua chupa kutoka mkononi mwangu, kanywa, kakunja uso mzima, jicho moja limefumba, anapiga paja kwa furaha.

Hapo mwenye akili angeondoka. Mimi nikasema tena.

Mara hii aliomba uchungu. Nikacheka kwa ujasiri. Nani anautaka uchungu? Chukua! Ikatua ngao. Kidole cha baridi kikapita nyuma, karibu na koo. Kahawa ikawa maji ya moto, na yeye akainusa, akainywa polepole macho yamefumba. Nilimwona analainika uso, anakuwa kijana mbele yangu.

"Sasa chumvi," akasema.

Sikiliza. Mimi ni mpishi. Nilijua chumvi ni nini. Nilijua kuna watu mia mbili wananisubiri Idi. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na hesabu ya wacheza kamari wote: nimeshindwa mara mbili, haiwezekani nishindwe ya tatu. Haiwezekani! Mdomo ukasema kichwa, na macho yakaifuata ikipanda, ikipanda, mpaka nikadhani haitarudi.

Ngao.

Nikachukua sambusa, nikauma. Ilikuwa karatasi. Nyama laini ya mafuta, haina ladha hata chembe. Nikauma nyingine. Nikalamba kiganja changu chenye jasho. Hakuna. Hakuna! Hapo ndipo nilipofahamu kwamba huyu si mzee aliyerukwa na akili, na kwamba mizani iliyokuwa ulimini mwangu imeondoka, na sasa anayo yeye.

Yeye alikuwa kasimama na sambusa mkononi, anapiga kelele: "Chumvi! Chumvi, Mola wangu, chumvi!" Anacheka, anazunguka na koti lake lile refu kama mtoto katika mvua. Sijui utanielewaje, lakini katikati ya hofu ile nilimfurahia. Nani amewahi kuifurahia sambusa ya mke wangu namna ile?

Kisha akatulia. Akaketi. Akaiweka sarafu juu ya gogo kati yetu.

"Umebakiwa na tamu," akasema. "Iweke. Ukishinda nakurudishia zote tatu, na dhahabu juu."

Mkono wangu uliinuka. Wenyewe. Nilikuwa naujua mkono ule, ndio uliouza saa ya marehemu baba yangu, ndio uliochukua nauli ya Salma ya shule. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema moja tu, moja tu, ya mwisho. Nawe ambaye hujacheza utasema ningekimbia. Nikimbie vipi? Mgeni ni wangu. Nimemkaribisha mwenyewe, chakula changu kimo tumboni mwake. Kwetu mgeni hafukuzwi wala haachwi peke yake, na nilihisi katika magoti yangu kwamba nikimkimbia atakuja nyuma yangu mpaka nyumbani, mpaka kwa Salma, kwani lile neno karibu nililompa bado analo.

Hapo ndipo likanijia jambo dogo tu la kwetu. Mgeni hafukuzwi, lakini husindikizwa! Mwenyeji anaposimama na kusema twende nikusindikize, mgeni gani mwenye adabu atabaki kuketi?

Nikaukamata mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto. Nikasimama.

"Haya bwana," nikasema, "umekula, umekunywa, nimefurahi kukupata. Twende nikusindikize."

Niliona anataka kukataa. Lakini alikuwa mtu wa adabu zake, na adabu ilimshinda kama ilivyonishinda mimi. Akasimama. Tukatembea bega kwa bega hadi kwenye lango la shamba, mashine mkononi mwangu inalia njia nzima. Kila hatua ilikuwa inanipasua. Chumvi yangu inatembea pembeni yangu, na mimi ndiye ninayeiongoza nje!

Langoni akanyoosha kiganja, sarafu ile juu yake.

"Moja tu," akasema.

Nakwambia kweli, kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya duniani ni kusema neno lile. Nikasema: "Hapana. Nimeshindwa. Kwaheri ya kuonana, bwana." Halafu nikajirekebisha upesi: "Kwaheri tu."

Akainama kidogo, heshima ya kizamani. "Mimi sikuweza kulisema hilo," akaniambia. "Na ukizitaka ladha zako, njia unaijua. Mtafute mwingine ambaye bado anazo zake, umkaribishe." Akashika njia. Mashine ikapunguza sauti, ikapunguza, ikanyamaza.

Nikarudi mbio kukusanya vyombo. Kwenye kopo zilikuwamo sambusa sita. Mimi niliuma mbili, hizo zilikuwa juu ya gogo, nilizitambua kwa alama za meno yangu. Zile nyingine sita zilikuwa nzima, kama zilivyofungwa asubuhi, ila zilikuwa zimepoa kuliko barafu.

Sikumwambia Mama Salma. Ningeanzia wapi? Nilicheza kamari, tena Ramadhani, tena na maiti? Nilikula alichopakua nikasifu, nikijua natafuna pamba. Karibu wiki tatu nilizunguka hivyo, nikiomba Mungu iwe mafua.

Mkesha wa Idi, pale ukumbini, sufuria tatu motoni, nikaonja mchuzi. Maji ya moto yenye harufu. Nikatia chumvi. Nikaonja. Nikatia tena. Mama Salma, aliyekuwa akikaanga vitunguu kando, akaja, akachovya kidole, akakirudisha haraka.

"Baba Salma! Unataka kuwaua watu?"

Nikaketi juu ya gunia la mchele, nikamweleza yote. Yote, mpaka mkono ulivyoinuka. Nilikuwa nasubiri aende kuchukua mtandio wake, amshike Salma mkono, waondoke. Alirudi kwenye vitunguu, akavigeuza mpaka vikaungua.

"Ulisimama mwenyewe?" akaniuliza mwisho. "Hukufukuzwa, hukuishiwa, ulisimama mwenyewe?"

"Nilisimama mwenyewe."

Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaenda kumwita Salma. Salma alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa London, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mama yake akampa kijiko, akamwambia: kuanzia leo wewe ndiye ulimi wa baba yako. Mtoto akaonja sufuria ya kwanza, akafikiri, akatikisa kichwa. Akatafuta neno, na kwa mara ya kwanza alinijibu kwa lugha yangu: "Imezidi, Baba." Tukaongeza maji, tukaongeza viazi, tukaokoa sufuria mbili kati ya tatu. Watu walikula, wakasifu. Mimi nilitabasamu na kuwapakulia.

Tangu siku ile ni yeye. Kila harusi, kila hitima, mpaka alipopata jiko lake mwenyewe. Wananisifu mimi, anayeonja ni Salma. Kwangu imebaki tamu tu. Unajua maisha ya tamu tupu yalivyo? Usitamani. Embe bichi kwangu ni maji, dawa ni maji, samaki ni pamba. Mwaka aliofariki mama yangu Wete nami sikuwahi mazishi, nililia jikoni peke yangu mpaka machozi yakaingia mdomoni, na hata yale hayakuwa na kitu.

Kuldip alichukua sarafu zote, kaziweka katika kabati la kioo Southall, anawaonyesha wageni. Zote isipokuwa moja. Hiyo sikuipanga kwenye gazeti, nilikuja kuikuta mfukoni mwa koti langu baadaye. Inang'aa. Nimeitupa mara mbili, ya pili niliitupa mtoni kutoka darajani. Asubuhi yake ilikuwa mfukoni.

Sasa sikia kwa nini nimekutafuta wewe. Unapenda kula kwangu, najua, na mimi napenda kukukaribisha. Njoo. Kula ushibe. Lakini mimi ni mzee sasa, na mwenye njaa ya miaka mingi si wa kuaminiwa. Zipo jioni nakaa mezani na mgeni, namtazama anavyojilamba vidole vyenye chumvi na ndimu, na mkono wangu wa kulia unaanza kuingia mfukoni. Mpaka leo nimeukamata kila mara. Siku usiyoona nikiukamata, siku nitakapokuuliza kwa sauti ya upole kichwa au ngao, usinijibu. Wala usicheke. Simama, uniambie nikusindikize.